Oktoba: Kwa Nini Mwezi wa Kumi Una Jina la Nane, na Tarehe Zake Zinazogongana

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Nairobi. Chama chetu cha historia kinatengeneza ubao kuhusu mwezi wa Oktoba: jina lilikotoka, alama zake na matukio makubwa. Wanafunzi wameniletea tarehe zisizopatana. Mmoja anasema Kenyatta alikamatwa tarehe 20, mwingine 21. Mmoja ameandika kwamba Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea Novemba. Wa tatu anadai kuna siku kumi za Oktoba 1582 ambazo hazikuwahi kuwapo. Tuandike nini? Na ikiwa jina la mwezi lina maana ya nane, mbona ni wa kumi?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wote wana hoja, usimfutie yeyote kadi yake. Tarehe iliyoandikwa peke yake haijakamilika. Ni lazima ujue imeandikwa kwa kalenda gani, kwa saa za mahali gani, na ni tendo lipi hasa linalohesabiwa. Sioni mwezi unaofaa kufundishia hilo kuliko Oktoba, kwa sababu ni ndani yake kalenda yenyewe ilipokatwa.

Tuanze na jina. Katika Kilatini "octo" ni nane. Kalenda ya kale ya Warumi, ambayo mapokeo yao yanasema iliwekwa na Romulus, ilianzia Machi na ilikuwa na miezi kumi tu. Machi, Mei, Quintilis na Oktoba ilikuwa na siku 31 kila mmoja. Sita iliyosalia ilikuwa na siku 30. Waambie wanafunzi wajumlishe wenyewe: 124 na 180, jumla 304. Majira ya baridi yaliyobaki hayakuwa na mwezi wowote. Januari na Februari ziliongezwa baadaye, na mapokeo yanamtaja mfalme Numa. Kisha kuanzia mwaka wa 153 KK makonsuli wa Roma wakawa wanashika madaraka tarehe 1 Januari, na mwaka ukahesabiwa tangu hapo. Oktoba ikasogea hadi nafasi ya kumi na jina lake la zamani.

Mwanafunzi anayeona jambo hili ni la ajabu, mwonyeshe wiki yake mwenyewe. Jumatano ni siku ya tano, na Alhamisi kwa Kiarabu pia ni siku ya tano, lakini zimekaa jirani. Jumatano inahesabiwa tangu Jumamosi, Alhamisi tangu Jumapili. Huko Pwani, Maulidi husomwa Mfunguo Sita, ilhali katika kalenda ya Hijria Rabiul Awwal ni mwezi wa tatu, kwa kuwa Waswahili walianza kuhesabu upya baada ya Ramadhani. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja ameanzia pake.

Kuna kosa moja ambalo limeenea mno kwenye mabango ya shule, na ningependa ubao wenu usiwe nalo: kwamba Julius Caesar na Augustus walijiwekea miezi miwili katikati ya mwaka, ndiyo maana Oktoba ikasukumwa. Si kweli. Julai ulikuwapo tayari kwa jina la Quintilis, yaani wa tano, ukabadilishwa jina mwaka wa 44 KK. Agosti ulikuwa Sextilis, wa sita, ukabadilishwa mwaka wa 8 KK. Idadi ya miezi haikuguswa. Oktoba nayo iliwahi kuporwa jina: mfalme Domitian aliuita Domitianus, na Septemba akauita Germanicus. Alipouawa mwaka wa 96 BK majina hayo yakafutwa mara moja.

Kwa Warumi, Oktoba ulikuwa mwezi wa kufunga msimu wa vita. Tarehe 15 walifanya mashindano ya magari ya farasi katika Uwanja wa Mars, na farasi wa upande wa kulia wa gari lililoshinda akachinjwa kwa ajili ya mungu huyo wa vita. Watu wa mtaa wa Subura na wale wa Njia Takatifu waligombania kichwa chake, na mkia ukakimbizwa hadi Regia, jengo la kuhani mkuu, ili damu idondoke kwenye jiko la ibada. Tarehe 19 silaha zilitakaswa na kuwekwa. Ukitaka alama ya kale ya mwezi huu yenye historia ya kweli nyuma yake, chora farasi na ngao.

Sasa zile siku kumi. Kalenda ya Caesar ilihesabu mwaka kuwa siku 365 na robo kamili. Mwaka wa jua ni mfupi kuliko hapo kwa takriban dakika 11. Ni kidogo, lakini kila miaka 128 hivi zinakusanyika kuwa siku nzima. Kufikia karne ya 16, siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana ilikuwa imerudi nyuma kutoka tarehe 21 hadi 11, na hesabu ya Pasaka inategemea siku hiyo. Papa Gregory wa 13 alitoa amri mwezi wa Februari 1582, akitumia mpango wa Luigi Lilio uliotetewa na mwanahisabati Christopher Clavius. Oktoba ulichaguliwa kwa kuwa sikukuu zake za kanisa zilikuwa chache, hivyo ibada zingevurugika kidogo. Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582 ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Tazama kwamba mfululizo wa siku za wiki haukukatika. Ni nambari tu zilizorukwa. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku uleule, na ndiyo sababu siku yake huadhimishwa tarehe 15.

Lakini kadi ya mwanafunzi wako ikisema "dunia ilipoteza siku kumi", mwambie airekebishe. Ni Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia zilizofuata amri hiyo Oktoba ileile. Ufaransa ilibadilisha Desemba mwaka huohuo. Uingereza ilingoja hadi Septemba 1752, Urusi hadi Februari 1918, Ugiriki hadi 1923. Kwa hiyo tarehe 10 Oktoba 1582 haikuwapo Lisbon, lakini London ilikuwapo na watu walifanya kazi zao kama kawaida.

Hapo ndipo linatoka suala la Urusi. Wabolsheviki waliteka Kasri la Majira ya Baridi mjini Petrograd usiku wa tarehe 25 Oktoba 1917 kwa kalenda yao, ambayo ilikuwa nyuma kwa siku 13. Kwa kalenda tunayotumia sisi ni tarehe 7 Novemba. Kadi iandikwe: "25 Oktoba 1917 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, sawa na 7 Novemba." Zote mbili ziwepo, la sivyo jina la mapinduzi litaonekana kama kosa la uchapaji.

Wanafunzi wakitaka kubadilisha tarehe nyingine wenyewe, kanuni ni hii. Kwa tarehe iliyoandikwa kwa kalenda ya Caesar, ongeza siku 10 kuanzia Oktoba 1582 hadi mwisho wa Februari 1700, siku 11 hadi Februari 1800, 12 hadi Februari 1900, na 13 tangu hapo hadi Februari 2100. Tofauti hukua kwa sababu kalenda ya Gregory haiupi mwaka wa karne siku ya 29 Februari isipokuwa unagawanyika kwa 400: mwaka 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa. Kosa la kawaida ni kutumia 13 kila mahali. Kosa la pili ni kubadilisha tarehe za kabla ya 1582 ambazo wanahistoria wameziacha zilivyo. Columbus alifika visiwa vya Karibi tarehe 12 Oktoba 1492. Kwa kalenda ya sasa ingekuwa 21, lakini kwa kawaida vitabu haviandiki hivyo, nanyi msiandike. Kwa historia ya kwetu, safari ya Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi Aprili 1498 iko kwa kalenda ya zamani, ilhali Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593 iko kwa mpya, kwa kuwa Wareno walikuwa wameshabadilisha. Hati zote za utawala wa Waingereza hapa Kenya ni za kalenda mpya, haziongezwi chochote.

Nije kwa tarehe 20 na 21, ambayo kwangu ndiyo kadi muhimu zaidi ya ubao wenu. Mapema Oktoba 1952 Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u aliuawa kwa risasi, na Gavana Evelyn Baring, aliyekuwa amefika nchini karibuni tu, akaomba London ruhusa ya kutangaza hali ya hatari. Jioni ya Jumatatu tarehe 20 Oktoba alitia saini tangazo hilo. Wanajeshi wa Lancashire Fusiliers waliletwa kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez huko Misri. Usiku ule operesheni iliyopewa jina la Jock Scott ikaanza, nyumba zikagongwa, na viongozi zaidi ya mia moja wakachukuliwa. Wananchi wengi walisikia habari hiyo Jumanne tarehe 21. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, waliokuja kushtakiwa Kapenguria na kuhukumiwa tarehe 8 Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Kwa hiyo saini ni ya tarehe 20, na ukamataji ni wa usiku uliovuka kuingia 21. Kiswahili kina namna yake ya kusema jambo hili bila kubabaika: usiku wa kuamkia tarehe 21. Andikeni hivyo. Sikukuu inafuata tarehe ya saini. Iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoifanya Siku ya Mashujaa, mojawapo ya sikukuu tatu za taifa katika Kifungu cha 9, pamoja na Madaraka tarehe 1 Juni na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki. Waliosota vizuizini na waliopigana msituni hawakuwa sita. Dedan Kimathi mwenyewe alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne kamili baada ya operesheni ile, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kadi yake ibandikwe pembeni mwa ile ya Kapenguria, si chini yake.

Tarehe 10 Oktoba huwachanganya wanafunzi kwa sababu jina limebadilika mara kadhaa. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 haikuitaja, lakini ilibaki katika Sheria ya Sikukuu za Umma, na Mahakama Kuu ikathibitisha hivyo mwaka wa 2017. Baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Sheria hiyohiyo inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake inakuwa ya mapumziko, kama ilivyokuwa tarehe 21 Oktoba 2024. Msiandike basi kwamba Mashujaa "ilihamishwa". Ni mapumziko yaliyosogea, si siku yenyewe.

Katika matukio mengine ya Kenya, usiache Oktoba 1969, hata kama ni chungu. Tarehe 25 Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, akarushiana maneno makali na Jaramogi Oginga Odinga hadharani, na walinzi wakafyatulia umati risasi. Watu wakafa, watoto wakiwamo. Tarehe 30 chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Mwanaye, Raila Odinga, alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Wanafunzi wako waliuona msiba huo kwa macho yao, na watauliza kwa nini haumo usipouweka.

Michezo inastahili nafasi kubwa kuliko inavyopewa kawaida. Olimpiki za 1964 na 1968 zilifanyika Oktoba. Tokyo, tarehe 16 Oktoba 1964, Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza kabisa ya Kenya. Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968, Naftali Temu akaleta dhahabu ya kwanza katika mita 10,000. Na tarehe 20 Oktoba, Siku ya Kenyatta, Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali katika mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Mexico City iko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa, kwa hiyo andika jiji kwenye kila kadi ya aina hii. Eliud Kipchoge alimaliza umbali wa marathoni Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi huandika kwamba ni rekodi ya dunia. Sivyo: hayakuwa mashindano ya wazi, na wasindikizaji walikuwa wakipokezana. Rekodi halali ilikuwa ya Brigid Kosgei kwa wanawake kesho yake Chicago, saa 2, dakika 14 na sekunde 4, na ya Kelvin Kiptum kwa wanaume mji huohuo tarehe 8 Oktoba 2023, saa 2 na sekunde 35.

Tuzo za Nobel hutangazwa mapema Oktoba na kukabidhiwa Desemba. Ndiyo sababu Wangari Maathai anaonekana kwa tarehe mbili. Tangazo lake ni la tarehe 8 Oktoba 2004. La Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ni la tarehe 7 Oktoba 2021.

Za majirani na Afrika zinatosha kwa mstari mmoja mmoja: uhuru wa Nigeria tarehe 1 Oktoba 1960, wa Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, wa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964, Thomas Sankara kuuawa tarehe 15 Oktoba 1987, Samora Machel kufa katika ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986, Mwalimu Nyerere kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999, siku ambayo Tanzania huipumzikia. Tarehe 24 Oktoba 1945 ni ya Umoja wa Mataifa, nayo inahusu Nairobi moja kwa moja kwa sababu ya ofisi zake za Gigiri. Kumbuka tarehe hiyo ni ya mkataba kuanza kufanya kazi. Ulitiwa saini Juni.

Kuhusu alama, tenganisheni zilizoletwa na biashara, zilizotoka angani na zilizo za hapa. Vito vya Oktoba ni opali na turmalini, lakini mpango huo si wa kale: orodha ya kisasa ya vito vya miezi ilipangwa na wauza vito wa Marekani mwaka wa 1912, na turmalini ya waridi ikaingizwa 1952. Turmalini huchimbwa hata Taita-Taveta, na ni gumu vya kutosha kuvaliwa kila siku. Opali lina maji ndani yake. Likiachwa kwenye joto kali hukauka na kupasuka. Ua la Oktoba ni kalendula, ambalo huchanganywa na merigoldi ya rangi ya chungwa inayotungwa mashada ya Diwali hapa mjini. Ni mimea miwili tofauti: kalendula asili yake ni pande za Mediterania, na ile ya mashada ilitoka Mexico na nchi za jirani yake.

Nyota za falaki husema Mizani hadi tarehe 22 hivi, kisha Nge. Hizo ni nafasi za miaka elfu mbili iliyopita. Leo, kwa sehemu kubwa ya Oktoba, jua liko mbele ya kundi la Mashuke. Kadi moja ya hilo itawapa wanafunzi wa Fizikia kazi ya kueleza.

Alama ya Oktoba kwa Nairobi, kwa maoni yangu, ni jakaranda, na ndiyo ningeiweka katikati ya ubao. Mti huu ulitoka Amerika ya Kusini, huchanua kwetu kati ya Septemba na Novemba, na maua yake ya zambarau hufunika barabara kabla mvua za vuli hazijashika. Sababu ya mvua hizo nayo iko kwenye kalenda. Jua hupita juu ya utosi wa Nairobi karibu tarehe 26 Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana vuli huanza kujipanga Oktoba na kukolea Novemba.

Kwa ubao wenyewe, manila mbili zinatosha. Msizidishe kadi 20. Kila kadi iwe na mambo matano: tarehe, mwaka, mji, tendo kwa kitenzi kimoja (alisaini, alikamatwa, alitangazwa, alifariki), na kalenda ikiwa si ya Gregory. Tarehe ziwe na herufi za angalau sentimita 2 ili zisomeke kutoka mlangoni. Kazi ya kuhakiki igawanywe: anayeandika kadi asiwe yuleyule anayeithibitisha, na kila kadi ipatikane katika vitabu viwili visivyonakiliana. Siku za wiki zinaweza kukaguliwa haraka, kwa sababu katika mwaka usio mrefu Oktoba huanza siku ileile iliyoanza Januari. Mwaka 2026, kwa mfano, yote miwili inaanza Alhamisi, kwa hiyo Mashujaa ni Jumanne.